Sauti ya Shingoni Inavyopima Mshipa Uliosinyaa

Kiharusi hakianzii kichwani kila mara. Wakati mwingine chanzo chake kiko shingoni, kwenye ateri za karotidi, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, mmoja kila upande wa koo. Mafuta yakijijenga kwenye kuta zake, njia ya damu husinyaa. Kipande kikimeguka na kupanda juu, huziba mshipa wa ubongo.

Daktari akiweka stethoskopu chini ya taya, kando ya kikoromeo, na kumwomba mgonjwa abane pumzi kidogo, anaweza kusikia mvumo unaofuata mapigo ya moyo. Katika mshipa mpana damu hupita kimya. Ikifika penye wembamba huongeza kasi, na ikitoka hapo huvurugika na kutikisa ukuta wa mshipa, kama maji ya mpira uliobanwa kwa kidole.

Mwaka 1970, Robert Lees na C. Forbes Dewey wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kuwa mvumo huo unaweza kurekodiwa na kuchambuliwa. Grafu huonyesha nguvu ya sauti katika kila kiwango cha mitetemo. Tundu likiwa dogo, nguvu hiyo huanza kuporomoka kwenye mitetemo ya juu zaidi. Kanuni iliyotumika baadaye ni nyepesi: chukua 500, makadirio ya mwendo wa damu kwa milimita kwa sekunde, ugawe kwa kiwango cha mitetemo ambapo nguvu huanza kuporomoka. Nguvu ikiporomoka kwenye hezi 250, njia iliyobaki ina upana wa milimita 2, ilhali mshipa mzima huwa na 5 hivi. Hakuna sindano wala eksirei.

Lakini mshipa ukikaribia kuziba kabisa, damu inayopita huwa kidogo mno hata mvumo ukapotea. Tena, mvumo unaweza kutoka kwenye vali ya moyo au tezi ya shingo. Ndiyo maana ultrasaundi ya Doppler, inayopima kasi ya damu yenyewe, ilitawala hospitalini. Kinachowarudisha watafiti kwenye sauti ni unafuu wa maikrofoni na kompyuta: vifaa hivyo vinaweza kusaidia kuamua nani apelekwe ultrasaundi.

Kwa hiyo shingo kuwa kimya si kibali cha kuendelea kuvuta sigara au kupuuza shinikizo la damu na kisukari. Na uso ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, nenda hospitali mara moja, hata kama hali hiyo imepita baada ya dakika chache.