Soseji ya Maharagwe kwa Siku ya Mpira

Siku ya mpira pale Kenyatta Stadium, Kitale, au Masinde Muliro kule Kanduyi, Bungoma, ni siku ya soko. Watu wana njaa na wanataka kitu cha kushika mkononi huku macho yako uwanjani.

Huko Marekani mechi ya besiboli huchukua zaidi ya saa mbili, na chakula chake ni hotdogi, yaani mkate mrefu uliopasuliwa ukatiwa soseji. Siku hizi viwanja vingi vya huko vinauza pia ile isiyo na nyama. Hiyo ndiyo inayotufaa sisi. Soseji ya nyama inataka friji, na friji inataka stima. Maharagwe makavu yanakaa guniani. Tena Ijumaa za Kwaresima Wakatoliki hatuli nyama, kwa hiyo hata baada ya Njia ya Msalaba wateja wapo.

Chukueni gorogoro moja ya maharagwe, kama kilo 2. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, tia mengine, kisha chemsha kwa moto mkali mpaka yaive kabisa. Hapa msiharakishe: maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha, na moto mdogo hauiondoi. Chuja vizuri ndipo uponde. Yakibaki na maji soseji itapasukia kwenye karai. Ongeza viazi vilivyochemshwa na kupondwa, kitunguu kilichokaangwa, dania, chumvi, pilipili manga, na unga wa ngano kidogo kidogo mpaka ishikane. Viringisha kwa urefu wa kidole cha kati, funga kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni, pika kwa mvuke nusu saa. Kukaanga ni uwanjani, mteja akiwa mbele yako. Mkate mrefu ukikosekana, chapati ni sawa (mimi naona ni bora), na kachumbari juu.

Sasa hesabu. Tuseme mmetumia shilingi 1,200 kwa vyote, pamoja na mafuta, makaa na nauli, mkapata soseji 60. Kila moja imewagharimu shilingi 20. Mkiuza zote kwa 30 faida ni 600. Zikibaki 20, mmepata 1,200 tu, na akina mama wamekesha bure. Chapati ihesabiwe kando.

Kila anayeshika chakula cha kuuza awe na cheti cha afya, na hupimwa upya kila miezi 6. Muulizeni afisa wa afya wa eneo lenu, na leseni ya kaunti pia, kabla ya kuwasha jiko.

Maharagwe yaliyopikwa huchacha upesi kwenye joto. Mara ya kwanza pikeni nusu gorogoro. Zitakazobaki jioni, gawaneni mle nyumbani usiku huo huo, zisirudi kwenye karai kesho yake.