Dhahabu ya Mwili na Dhahabu ya Ngozi: Utambuzi wa Saa za Dhahabu na Pengo la Istilahi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Methali hii imezoeleka mno madarasani hata aghalabu hutajwa pasipo kutafakariwa. Hata hivyo, kuna kifaa kimoja kinachoitia mtihanini, nacho ni saa iliyovikwa dhahabu. Saa hiyo hung'aa kwa sababu kile kionekanacho ni dhahabu kweli, ila dhahabu yenyewe ni ngozi tu, na mwili ulio chini yake ni wa metali nyingine. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuitofautisha saa ya namna hiyo na saa ambayo kasha lake lote ni dhahabu. Aidha, yanadhihirisha kwamba uhaba wa maneno ya kuzitenga saa hizi huweza kumgharimu mtu fedha na hata udugu.

Chukuliwe mfano wa kubuni wa kijana wa Soweto West, mojawapo ya vijiji vinavyounda mtaa wa Kibera jijini Nairobi. Babu yake amemwachia saa ya mkononi yenye rangi ya manjano, na karo ya mdogo wake inadaiwa shuleni. Anaipeleka saa kwa fundi aliyeketi nyuma ya meza ya mbao kando ya njia.

"Fundi, hebu niangalizie. Hii ni dhahabu?"

Fundi anaifungua, anaitazama kwa lenzi, kisha anamrudishia. "Hii ni orijino, kijana wangu. Siku hizi hazipatikani."

Kijana anaondoka na furaha. Anaiweka saa rehani kwa wenzake wa chama cha kuwekeana akiba, naye anapewa mkopo kwa kadiri ya thamani ya dhahabu. Miezi inapita, mkopo haulipiki, na saa inapopelekwa kwa sonara inabainika kuwa dhahabu iliyomo haifiki hata gramu moja. Chama kinagawanyika, na kijana anaitwa tapeli.

Katika kisa hiki hakuna aliyesema uongo. Fundi alikusudia kwamba saa ilitoka katika kiwanda kile kile kilichotajwa usoni mwake; kijana alisikia kwamba ni dhahabu. Lugha ya mitaani, iwe Kibera au Kawangware, ina maneno mawili ya kupimia bidhaa, orijino na feki. Saa iliyovikwa dhahabu inaweza kuwa orijino kwa maana ya kiwanda na bado isiwe ya dhahabu kwa maana ya sonara.

Aina tatu za saa

Aina ya kwanza ni saa ambayo kasha lake ni dhahabu kutoka nje hadi ndani. Ieleweke kwamba hii haimaanishi dhahabu isiyochanganywa. Dhahabu safi ni ya karati 24, nayo ni laini mno kwa matumizi ya kila siku, kwa hiyo huchanganywa na shaba, fedha au metali nyinginezo. Karati 18 ni sehemu 750 za dhahabu katika kila 1000. Karati 14 ni takriban sehemu 585. Karati 9, iliyopendwa sana Uingereza, ni sehemu 375. Mchanganyiko huo ni ule ule kasha zima.

Aina ya pili ni saa iliyovikwa dhahabu. Bamba jembamba la dhahabu ya karati hubanwa juu ya metali duni, mara nyingi shaba nyeupe, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, kwa joto na mgandamizo hadi zishikamane. Mbinu hii ilienea katika makasha ya saa baada ya James Boss wa Philadelphia, Marekani, kupata hataza yake mwaka 1859.

Aina ya tatu ni saa iliyochovywa. Hapa umeme hutumiwa katika kimiminiko maalumu kuilaza dhahabu juu ya kasha kwa unene unaopimwa kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita.

Tofauti ya thamani huonekana kwa hesabu nyepesi. Kasha la gramu 20 la karati 18 lina gramu 15 za dhahabu safi. Kasha la uzito huo huo lililovikwa dhahabu ya karati 14 kwa kiwango cha sehemu moja ya 20 ya uzito wake lina gramu moja tu ya dhahabu hiyo, na ndani ya gramu hiyo dhahabu safi ni takriban gramu 0.58. Kwa maneno mengine, la kwanza lina dhahabu zaidi ya mara 25 ya la pili, ilhali kwa macho yote mawili ni mapacha.

Mihuri na maana zake

Ushahidi wa kwanza ni maandishi yaliyopigwa chapa ndani ya kifuniko cha nyuma. Saa ya dhahabu nzima huwa na tarakimu za kiwango, kama vile 750, 585 au 375, pamoja na alama ya ukaguzi ya nchi ilikotengenezwa au kuingizwa. Makasha ya Uswisi ya karati 18 yalipigwa chapa ya kichwa cha mwanamke, Helvetia, hadi mwaka 1995, ambapo chapa ya kichwa cha mbwa wa Saint-Bernard ilianza kutumika. Uingereza, nanga huashiria ofisi ya ukaguzi ya Birmingham, na kichwa cha chui huashiria ile ya London.

Saa iliyovikwa huwa na herufi "GF" au "RGP", wakati mwingine zikitanguliwa na sehemu kama "1/20" au "1/10". Mtego umo hapa: alama "14K GF" huanza na karati, na mnunuzi mwenye pupa huishia kusoma kwenye karati. Saa iliyochovywa kwa kawaida hutaja mikroni, au huwa na maneno ya Kifaransa "plaqué or".

Mtego mwingine ni dhamana ya miaka. Makasha mengi ya kale ya Marekani yaliandikwa kuwa yamedhaminiwa kwa miaka 10, 20 au 25. Msomaji wa leo hudhani kuwa hiyo ni sifa, kumbe ni ungamo. Miaka hiyo ilikuwa makadirio ya muda ambao ngozi ya dhahabu ingedumu kabla ya kulika. Dhahabu nzima haihitaji dhamana ya namna hiyo, kwa kuwa chini yake hakuna kitu kingine cha kufichuka.

Vilevile, maandishi "17 Jewels" usoni mwa saa hayahusiani na karati. Hayo ni mawe madogo yanayopunguza msuguano katika mitambo. Nayo maneno "Swiss Made" hutaja nchi, hayataji dhahabu. Na pale kifuniko cha nyuma kinapotajwa kuwa cha chuma cha pua, ni dhahiri kwamba kasha zima si dhahabu, hata kama sehemu ya mbele ni ya manjano.

Uchakavu na vipimo

Maadamu mihuri huweza kughushiwa, kasha lenyewe halina budi kuhojiwa. Mahali pa kutazama ni pale panaposuguliwa: masikio yanayoshika mkanda, kingo za kasha, na sehemu ya nyuma inayogusa jasho la mkono. Katika saa iliyovikwa au kuchovywa, sehemu hizo huanza kuonyesha rangi tofauti, ama wekundu wa shaba ama weupe wa chuma. Saa ya dhahabu nzima hukwaruzika na kubonyea, lakini ndani ya mkwaruzo rangi haibadiliki.

Uzito nao husaidia. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3, ya karati 18 huwa na gramu 15 hivi, na ya shaba nyeupe gramu 8.5 hivi. Hata hivyo, kipimo hiki hufaa tu kasha likiwa tupu, kwani mitambo na kioo huvuruga hesabu.

Vipimo vingine vinavyosifiwa vibandani hudanganya. Sumaku haivuti dhahabu, lakini haivuti shaba nyeupe pia. Isitoshe, yaweza kuiharibia majira saa ya kutia ufunguo. Kusugua kasha juu ya jiwe jeusi na kudondoshea asidi kunapima kile kilichosuguka tu, na katika saa iliyovikwa kilichosuguka ni dhahabu kweli. Hata mashine ya miali ya eksirei husoma tabaka la juu, hivyo ngozi nene yaweza kuihadaa. Kwa sababu hiyo sonara mwangalifu hapimi mahali pamoja. Husoma mihuri, hutazama palipochakaa, hupima uzito, kisha ndipo hutamka neno.

Neno lenyewe

Neno hilo ndilo linalowahusu wapenzi wa Kiswahili. Istilahi ya Kiingereza ya aina ya pili, ikitafsiriwa sisisi, humaanisha "iliyojazwa dhahabu". Tafsiri hiyo ingepotosha kabisa, kwa kuwa dhahabu haiko ndani bali nje. Kwa upande mwingine, wasemaji wengi huiita "ya kuchovya" kila saa isiyo ya dhahabu nzima, na hivyo kuifuta tofauti kati ya bamba lililobanwa na utando wa mikroni chache. Kiswahili kina viambajengo vya kutosha kuziba pengo hili: dhahabu nzima, dhahabu ya kuvikwa na dhahabu ya kuchovya. Vitenzi vika na chovya hubeba ndani yake namna kila kitu kilivyotengenezwa, na hata asiyewahi kusikia istilahi hizi ataelewa kilicho ndani na kilicho nje.

Hili si suala la kamusi pekee. Sheria ya Kenya ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lakini ni vigumu kumshtaki mtu kwa maelezo ya uongo pale ambapo neno alilotumia halikutenganisha ukweli na uongo.

Hitimisho

Kijana wa Soweto West angeuliza, "Fundi, hii ni dhahabu nzima, ya kuvikwa au ya kuchovya?" fundi asingeweza kujibu "orijino". Angelazimika kuifungua saa tena na kusoma muhuri kwa sauti. Saa ya babu ingebaki vile vile, urithi wa kupendeza wenye dhahabu isiyofika gramu moja. Lakini isingewekwa rehani kwa thamani isiyo yake, na chama kisingevunjika. Methali ya wahenga basi ingali na mashiko, mradi izingatiwe kwamba kuna ving'aavyo ambavyo ni dhahabu, ila si kwa kina.