Mgiriki wa dukani tulimjua, mama yake hatukumjua



Katika miji yetu ya Katanga, mzee akisema "duka la Mgiriki" kila mtu anaelewa. Wagiriki walifika huku mwanzoni mwa karne iliyopita, wakifuata reli na migodi. Wengi walitoka visiwani, mahali pa mawe na bahari, ambapo shamba la baba halikutosha watoto wote. Waliuza vitambaa, chumvi na unga. Kule Kasenga, kwenye mto Luapula, walinunua samaki na kuwapeleka Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kulisha wafanyakazi wa migodi. Mwaka 1973 serikali ya Mobutu ilipochukua biashara za wageni, wengi walifunga virago. Lakini hadi leo Kolwezi ni makao ya askofu wa Kanisa la Kiorthodoksi, imani waliyokuja nayo.

Basi Mgiriki wa dukani tulimjua. Mama yake aliyebaki kijijini hatukumjua. Juma hili twende kumwona, kwa sababu ana neno kwetu sisi wa Dilolo.

Anachoona mgeni

Sehemu kubwa ya Ugiriki ni milima. Msafiri akifika kijijini anaona nyumba za mawe zimebanana, kanisa katikati, mbuzi wenye kengele shingoni, na miti ya zeituni kila upande. Mzeituni ni mti wa subira. Unaishi miaka mamia, na mtu hula matunda ya mti uliopandwa na babu wa babu yake. Uwanjani, chini ya mti mkubwa, wanaume wamekaa kwenye duka la kahawa. Wanakunywa kikombe kidogo, wanacheza mchezo wa kete, wanazungumza siasa. Mgeni anapiga picha na kusema: maisha ya hapa ni matulivu kweli!

Lakini wamama wako wapi? Hapo ndipo picha ya mgeni inapoishia.

Wakati wa mavuno, kuanzia mwezi wa kumi na moja, wamama wako chini ya mizeituni. Nyavu zimetandazwa, matawi yanapigwa kwa fimbo, na wao wameinama kuokota na kuchambua. Mafuta yake ni kama mawese kwetu, bila hayo hakuna chungu kinachopikwa. Mvua zikinyesha, wanatoka na kisu na mfuko kuchuma mboga za porini, wanazichemsha na kuzitia mafuta na ndimu. Hapo tungejisikia nyumbani, sisi tunaojua lengalenga na uyoga wa msituni. Mkate waliuoka wenyewe kwenye tanuri la nje. Kabla ya Pasaka wanafunga siku nyingi bila nyama wala maziwa, kisha wanapaka mayai rangi nyekundu na kuchoma mwanakondoo.

Utulivu ule anaousifu mgeni una mikono iliyoutengeneza. Mikono hiyo, kwa miaka mingi, haikushika pesa.

Mali iliyotoka upande wa mke

Kwetu upande wa mume ndio unaoleta mali kwa wazazi wa binti. Kule ilikuwa kinyume. Wazazi wa binti walitoa nyumba, shamba, mizeituni na mashuka yaliyofumwa kwa miaka, ili binti yao aolewe. Mtu mwenye binti wanne alianza kuhangaika tangu walipozaliwa. Na kwa sheria, mume ndiye aliyekuwa kichwa cha nyumba.

Mwaka 1983 sheria ya familia ya Ugiriki ilibadilishwa. Ile mali ya lazima ikafutwa, mume na mke wakawa sawa mbele ya sheria.

Tusicheke. Kwetu Kongo, Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga kwa mapatano mbele ya sheria. Ruhusa hiyo iliondolewa mwaka 2016 tu. Wako kati yetu ambao bado hawajasikia habari hiyo. Mama, kama hukujua, sasa umejua. Mwambie na jirani.

Wamama wa Petra

Mwaka uleule wa 1983, katika kijiji cha Petra kwenye kisiwa cha Lesbos, wamama waliungana. Walikuwa wake wa wakulima na wavuvi. Waliona wageni wanakuja kutazama bahari na kupanda ngazi za kanisa lililojengwa juu ya mwamba mkubwa katikati ya kijiji. Wageni walihitaji mahali pa kulala na chakula, na wamama walikuwa na vyumba na walijua kupika.

Wakaanzisha ushirika wa wanawake, wa kwanza wa namna hiyo nchini mwao. Kila mmoja alitengeneza chumba katika nyumba yake mwenyewe. Ofisi moja ilipokea wageni na kuwapeleka kwenye nyumba za wanachama. Baadaye wakafungua mahali pa kula, wakipika vyakula vya nyumbani, vilevile walivyowapikia watoto wao. Vijiji vingine vikafuata, Ambelakia milimani na vijiji vya kisiwa cha Chios. Wengine waliuza matunda yaliyopikwa kwa sukari, wengine vitambaa vilivyofumwa.

Hawakujifunza kazi mpya. Kazi ileile ambayo hakuna aliyeihesabu, wakaiandikia bei.

Na Dilolo?

Hatuna bahari, lakini wageni tunao. Reli ya Benguela iliungana na reli yetu ya Katanga mwaka 1931. Vita vya Angola viliikata kwa miaka mingi. Sasa treni zinapita tena, na kutoka Luau, ng'ambo ya mpaka, hadi bandari ya Lobito ni karibu kilomita 1,300. Madereva, wachuuzi na watu wa reli wanafika, wanachoka, wanaona njaa. Mara nyingi pesa yao inavuka kwenda kwingine, kwa sababu hapa hawakuonyeshwa mahali pa kulala.

Sisi tuna asali, mihogo, karanga, bukari na sombe. Kuna mama ambaye watoto wameolewa na chumba chao kimejaa magunia matupu. Mgeni anataka kitanda safi, chandarua, maji ya kuoga na mlango unaofungwa. Mama mmoja hawezi kununua vyote mara moja. Lakini pesa ya likelemba, badala ya kwenda yote kwenye kikwembe kipya, inaweza kununua godoro la mmoja mwezi huu na la mwingine mwezi ujao.

Sharti ni daftari moja, wazi kwa wote: mgeni nani, ameingia kwa nani, amelipa ngapi, na zamu inayofuata ni ya nani. Bila daftari, urafiki wetu utavunjika kabla ya mgeni wa tatu.

Tunaomba kila kikundi kiongee jambo hili katika mkutano wake wa juma hili. Aliye na chumba aseme. Asiye na chumba, lakini mkono wake unajua kupika, naye aseme.