Ibid. na Mashahidi wa Tabora

Asomaye historia ya njia ya misafara, kutoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji, hafiki mbali kabla ya kukutana na vifupisho vya Kilatini chini ya kurasa. Lugha hiyo ilikuwa ya wasomi wa Ulaya kwa karne nyingi, na haya ni masalia yake. Ibid., yaani ibidem, maana yake ni "mahali palepale": chanzo ni kile kilichotajwa katika tanbihi iliyotangulia. Op. cit. ni "katika kitabu kilichokwisha kutajwa". Passim ni "huku na huko". Cf. humtaka msomaji alinganishe, ingawa wengi huitumia kana kwamba ni "tazama" tu.

Ibid. haina jina lake; humtegemea jirani. Tuseme mwanafunzi anaandika juu ya wafanya biashara wa Kiarabu wa Tabora. Tanbihi ya 1 yamtaja Richard Burton, The Lake Regions of Central Africa (1860). Ya 2 yasema ibid. Baadaye aingiza kati yao tanbihi ya Henry Morton Stanley, How I Found Livingstone (1872). Papo hapo maneno ya Burton yamekuwa ya Stanley, wala hakuna herufi iliyofutwa.

Na mashahidi hawa hawalingani. Burton alifika mwaka 1857, akauita mji huo Kazeh, akakaribishwa vizuri na Waarabu hao. Stanley alifika mwaka 1871, akaingia vitani upande wao dhidi ya Mirambo. Sifa zitolewazo na mgeni aliyekirimiwa hupimwa kwa namna moja, na zile za mshirika wa vita kwa namna nyingine. Hakimu gani angepokea ushahidi pasipo kujua umetoka kinywani mwa nani?

Op. cit. nayo ina mtego wake. Mwaka 1872 Burton alitoa kitabu kingine, Zanzibar: City, Island, and Coast. Insha ikitumia vyote viwili, "Burton, op. cit." haielekezi popote, tena kila kimoja kina majuzuu mawili.

Ndiyo sababu mwongozo wa uandishi wa Chicago, katika toleo lake la 17 la mwaka 2017, hauipendelei tena ibid., bali jina la mwandishi, anwani fupi na ukurasa. Kwa wanafunzi wetu, "Burton, Lake Regions", pamoja na juzuu na ukurasa, yatosha tangu rasimu ya kwanza.