Mla Asali Asiyetajwa Jina

Mrusi humwita dubu medved, Mcheki medvěd, Mpoland niedźwiedź, Myukraini vedmid. Wataalamu wa isimu wanasema maneno haya manne ni ndugu wa tumbo moja, na mama yao ni *medvědь, neno la Kislavi mame, lugha iliyosemwa kabla Waslavi hawajajua kuandika. Hakuna aliyelikuta kwenye maandishi. Limeundwa upya kwa kulinganisha watoto wake, na kinyota kile cha mbele ndicho kinachokiri hivyo.

Neno lina viungo viwili: medu, asali, na ěd, kula. Dubu ni “mla asali”. Kwa Mrusi wa leo ni rahisi kudhani maana yake ni “mjuzi wa asali”, maana kwake ved- ni kujua. Lakini v hiyo ina asili nyingine, na msemaji wa Kiswahili ataielewa upesi. Ku- ikikutana na -enda tunapata kwenda. Mu- na -ana, mwana. U ikitangulia irabu nyingine huteleza ikawa w. Ndivyo ilivyokuwa medu ilipoungana na ěd, kisha w ile ikakomaa kuwa v. Kisanskriti, jamaa wa mbali, kina madhvad, “mla asali”, kwa viungo vilevile, ingawa katika Rigveda wanaoitwa hivyo ni ndege.

Kwa nini lakabu, na jina la kale la dubu, lililorithiwa na lugha hizi jamaa, lilikuwapo? Wagiriki walilitunza: arktos, lililozaa Aktiki, upande wa nyota za Dubu. Walatini walisema ursus. Kwa Waslavi limefutika. Mwaka 1906 Mfaransa Antoine Meillet alieleza sababu: mwiko. Sisi husema ukitaja nyoka, shika fimbo mkononi. Wawindaji wa misitu ile waliona heri wasitaje kabisa, mwenyewe asije akaitika.

Tatizo ni kwamba lakabu ikizoeleka hugeuka jina, na woga hulifuata. Medved nayo ikaanza kukwepwa, Warusi wakabuni nyingine: kosolapy, mwenye nyayo za kupinda ndani, khozyain, mwenye mji, na Misha, kama mtoto wa jirani. Moscow ilipoandaa Olimpiki mwaka 1980, mnyama aliyechaguliwa kuiwakilisha michezo hiyo alikuwa dubu anayetabasamu. Aliitwa Misha.