Milima ya Aberdare: Zuru, lakini jihadhari na moto
Wakazi wanaopanga kuzuru Milima ya Aberdare wana mengi ya kuona. Maporomoko ya Karuru huteremka mita 273 kwa ngazi tatu. Ng'ambo ya bonde huonekana maporomoko ya Gura. Wapandaji huelekea kilele cha Lesatima, chenye urefu wa takriban mita 4,000.

Milima hii pia ni chanzo cha mito inayojaza bwawa la Ndakaini, linalotegemewa na Nairobi. Wakati wa kiangazi nyasi za nyanda za juu hukauka, na moto ukishika huko ni vigumu kuuzima. Wageni wanahimizwa kuwasha moto kwenye maeneo ya kambi yaliyotengwa pekee, na kutotupa vipande vya sigara ovyo.

Ada ya kiingilio hulipwa kupitia eCitizen.