Mdaiwa na Daftari la Deni

 

Ndugu msomaji, alinijia ndugu yetu mmoja baada ya swala ya Alasiri, fundi cherehani hapa Mombasa. Alikwenda benki ya Kiislamu kutaka kununuliwa cherehani kwa murabaha, akaambiwa jina lake limo CRB kwa mkopo wa simu wa shilingi 1,800. "Sheikh, deni hili nililipa mwaka jana. Sasa nani atanisadiki?" Swali hilo ni la fiqhi kabla halijawa la benki.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, imehusu uandishi wa deni. Tunakumbuka kwamba imeamrisha kuandikiana na kuweka mashahidi, hata deni likiwa dogo. Tunalosahau ni kwamba anayetoa imla kwa mwandishi ni mdaiwa, si mdai. Kauli ya mdaiwa ni ukiri juu ya nafsi yake, na asipoweza kutoa imla, hutoa walii wake kwa uadilifu.

Daftari la leo limepinduliwa. Mkopeshaji ndiye anayetoa imla, ofisi ya CRB huandika, na mdaiwa huenda asijue kilichoandikwa mpaka siku anapokataliwa. Ndiyo maana haki ya kusahihisha ina uzito: inamrudishia mdaiwa sehemu ya ulimi wake.

Kwa Kenya haki hiyo imo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 35: kila mtu ana haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli au yenye kupotosha inayomwathiri. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeitilia nguvu. Kanuni za CRB nazo zinamtaka mkopeshaji amjulishe mdaiwa kabla ya kupeleka habari mbaya, na zinampa kila mtu taarifa yake bure mara moja kwa mwaka. Ofisi zenyewe ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Tangu 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 halimwingizi mtu katika orodha hiyo.

Tumrudie fundi wetu. Asili katika fiqhi ni kwamba dhima ya mtu iko safi, na anayedai ndiye mwenye kuleta bayina. Hapa wengi hukosea, wakadhani wakinyamaza wameshinda. Lakini ndugu yetu amekiri kwamba alikopa, kisha akadai amelipa. Kwa dai hilo la pili yeye ndiye amekuwa mdai, na bayina imehamia kwake. Ujumbe wa malipo ulikuwa shahidi wake, naye alikuwa ameufuta! Ilibidi aombe orodha ya miamala yake kwa kampuni ya simu.

Aliandika barua kwa CRB, akaambatisha nakala ya kitambulisho, tarehe, kiasi na ile orodha. CRB hulazimika kumuuliza mkopeshaji, na kosa likithibiti hurekebishwa. Asiporidhika, mtu hupeleka malalamiko Benki Kuu ya Kenya au kwa Kamishna wa Kulinda Data.

Ifahamike pia kwamba kusahihisha si kufuta ukweli. Aliyechelewa kweli kisha akalipa huandikwa kuwa amelipa, lakini habari ya kuchelewa huweza kubaki hadi miaka 5. Hao wanaotoza watu fedha kwa ahadi ya "kukusafisha" wanauza uongo, na anayewalipa ananunua ushahidi wa uongo.

Barua ya fundi ilijibiwa. Malipo yake yalikuwa yameingizwa katika akaunti ya mtu mwingine mwenye namba ya kitambulisho inayokaribiana na yake. Jina lake limesahihishwa. Yule mwingine sasa deni limemrudia, naye huenda amekaa akijua daftari lake ni safi.